Diski za Alhamisi

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nimeibandika kwa gundi juu ya kifuniko cha kreti ninalokurudishia ili uione kabla ya kitu kingine chochote. Simu nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza ulisema "Nani?", mara ya pili ukasema "Paza sauti!", na mara ya tatu ukanijibu kwamba mchanga umeshafika, asante sana. Masikio yako yameliwa na nyundo, Mjomba, tukubali tu. Tuandikiane.

Huku hatujambo. Binti yangu ametimiza miezi kumi na mmoja, ana meno manne, na yote manne anayafanyia mazoezi kwenye kidole cha baba yake. Nilimwonyesha picha ya bibi yake, akailamba. Mama anaendeleaje? Najua hawezi kuja. Basi likishika breki mara mbili tu, roho yake iko kooni na chakula kinaifuata. Simlaumu, lakini inaniuma kwamba hajamtia mjukuu wake machoni.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Diski za breki ulizotuletea zinatetemeka. Nilizikereza mwenyewe, zote arobaini, na zilipotoka kwenye mashine yangu zilikuwa zimetulia kama maji mtungini. Wiki tatu barabarani, madereva wakaanza kurudi mmoja mmoja. Wanasema wakishuka mlima na kukanyaga breki, pedali inawapiga teke mguuni na usukani unatikisika. Nimezifungua, nimezipima upya, na kweli zimejipinda.

Mjomba, mimi ndiye niliyemwapia mkuu wetu wa karakana, huyu tunayemwita Bwana Milimita, kwamba hakuna anayemimina chuma kama wewe. Amenipa hadi mwisho wa Agosti. Zikiendelea kutetemeka, oda nzima inahamia kwingine, mimi narudishwa kufunga nati za magurudumu, na wewe na wenzako sita hapo kiwandani sijui mtamimina nini. Naomba unieleze umebadilisha kitu gani.

Mpwa wako

19 Februari

Msumari wangu,

Marahaba. Kreti nililifungua kwa shoka kabla sijavaa miwani, kwa hiyo nusu ya barua yako nimeisoma kwenye karatasi na nusu kwenye ubao. Siku nyingine tumia bahasha kama watu wengine.

Mama yako mzima. Anasema mtoto asilambe picha, wino una sumu. Amefuma sweta ya tatu na zote ni za kipimo cha kubahatisha, maana mwenyewe hajamwona huyo wa kuvalishwa. Mimi goti la kushoto linanisumbua asubuhi, mchana linasahau.

Kuhusu hilo lingine. Miaka thelathini na minne namimina chuma, na chuma changu hakijawahi kurudi nyumbani kimeshtakiwa. Waangalie madereva wenu. Mtu anashuka mlima mzima amekaa juu ya breki kama kuku juu ya mayai, kisha anauliza kwa nini diski ina homa. Sijabadilisha kitu. Kalibu za kumiminia ni zilezile, mchanga ni uleule, na mikono ni hii unayoijua.

Mwambie huyo Bwana Milimita anisalimie rula yake.

Mjomba wako

11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na wewe umeanza kuwasingizia madereva. Nimecheka, lakini kazi ya kucheka imekwisha.

Nilichukua diski yako mbichi, ambayo haijaguswa na dereva wala kuku. Nikaifunga kwenye jiriwa, nikaanza kuikata kwa msumeno kutoka ukingoni kwenda katikati. Nilipofika karibu na kitovu, mkato ukajifunga wenyewe ukaubana msumeno. Ilibidi mume wangu aje kunisaidia kuuchomoa, akaanguka nao. Ni mzima, mgongo tu umekwaruzika na heshima kidogo.

Chuma kilichotulia hakibani msumeno, Mjomba. Hiki kina mkazo ndani yake. Ukimimina, ukingo mwembamba unapoa kwanza na kuwa mgumu. Kitovu kinene kinachelewa, na kinapopoa hatimaye kinajikunyata na kuuvuta ukingo ambao hautaki tena kusogea. Ni kama ndugu wawili waliokaa mezani wamenuniana: ukitazama kwa nje unaona familia imetulia. Mimi nikikereza napunguza nyama upande mmoja, breki nazo zinaleta moto, chuma kinalegea kidogo, na ule ugomvi unapata pa kutokea. Diski inajipinda kwa unene wa unywele. Unywele huo dereva anausikia hadi kwenye meno.

Tena najua ulichobadilisha, ingawa hukukifanya kwa ubaya. Zamani diski mbichi zilikaa uani kwako miezi tisa zikipigwa jua na mvua. Nilikuwa nacheza juu ya marundo yale na kuchanika nguo. Chuma kilipata muda wa kupatana na nafsi yake. Oda yetu ilipoingia, ukaanza kuzitoa kwenye kalibu Jumatatu na kuzipakia Ijumaa.

Miezi tisa hatuna. Lakini una lile tanuri kubwa nyuma ya ghala. Zipange diski humo, zipashe moto polepole hadi nyuzi mia tano na sitini, uziache hapo saa tatu. Kisha zima moto na usifungue mlango. Zipoe zenyewe, zisishuke zaidi ya nyuzi hamsini kwa saa, hadi zifike mia mbili. Tafadhali usiongeze moto kwa kudhani utafanya vizuri zaidi. Ukipitisha mia sita na hamsini chuma kinakuwa laini, na breki zitaila diski kabla ya Krismasi.

Mama asisome sehemu ya mume wangu kuanguka.

Mpwa wako mwenye msumeno uliopinda

2 Aprili

Msumari,

Mama yako amesoma sehemu hiyo kwanza. Anatuma dawa ya kuchua mgongo, iko ndani ya kreti, imefungwa kwenye sweta ya nne.

Nilipomaliza barua yako nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamwita Kobe, yule mwenzangu mnene anayetembea kama aliyesahau aendako, tukakata diski moja nje ya ghala pasipo watu. Msumeno ukabanwa. Kobe akanitazama, mimi nikatazama paa. Basi, mwanangu, ulikuwa na haki na mimi nilikuwa na kiburi, na hilo nimeliandika kwa wino ili usiniombe nilirudie kwa mdomo.

Kuzichukua diski zangu na kuzioka kama mikate, sikuwahi kudhani nitafikia hapo. Lakini tanuri nimelisafisha, nikatoa viota viwili vya panya na koti langu lililopotea mwaka juzi. Ratiba ni hii: alfajiri nawasha, saa tatu asubuhi limefika kwenye joto lako, saa sita mchana nazima. Kisha nakaa nalo mlango ukiwa umefungwa hadi saa mbili usiku, nasoma gazeti. Aliyenifundisha kazi alinikanya nisiache tanuri la moto peke yake hata dakika moja, na sijawahi.

Hukunikataza kujaribu, ulinikataza kukosea, kwa hiyo diski moja niliipeleka hadi mia saba na ishirini. Tupa iliingia kama kwenye sabuni. Hiyo moja sasa inazuia mlango wa ofisi usipigwe na upepo.

Nakutumia ishirini na nne. Kila moja ina nukta za siku iliyookwa pembeni, kama desturi yetu: nukta moja Jumatatu, mbili Jumanne, na kuendelea.

Mjomba wako

28 Mei

Mjomba,

Shikamoo! Nimechelewa makusudi, nilitaka mabasi yazunguke kwanza. Mtoto anatembea. Anatembea kwa kwenda mbele tu, kona bado. Sweta ya nne imemtosha, mwambie Mama. Ile ya kwanza tumemvalisha mwanasesere.

Diski kumi na nane kati ya ishirini na nne zimetulia kabisa. Nimezipima baada ya wiki tano za milima na mshale wa kipimo haukusogea. Dereva mmoja mzee, ambaye kwa kawaida hasifu hata mvua wakati wa ukame, alinijia akasema, "Basi langu limeacha kunikemea." Nilitaka kumkumbatia.

Sita zinatetemeka. Nikadhani ni kosa langu, nikaikagua mashine yangu hadi skrubu ya mwisho. Kisha nikazigeuza pembeni. Mjomba, zote sita zina nukta nne. Hakuna hata moja ya nukta nne iliyopona, na hakuna hata moja ya siku nyingine iliyougua.

Bwana Milimita amesimama nyuma yangu akiwa na daftari. Anasema kiwanda kinachokosea siku moja kwa wiki ni kiwanda kinachokosea. Agosti ni ileile.

Alhamisi kuna nini?

Mpwa wako

6 Juni

Msumari,

Hatujambo wote. Goti zuri. Alhamisi hakuna kitu, ni siku kama siku nyingine, labda hewa ina unyevu. Mbusu mtoto.

Mjomba

15 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Unyevu wa Alhamisi tu! Nimemsomea mume wangu barua yako yote, ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Sasa nikuarifu kwamba siri yako imeshaota miguu. Jana Mama kanipigia simu, na kwa kuwa yeye anasikia vizuri tuliongea saa nzima. Anasema kila Alhamisi saa nane mchana unaoga kwa sabuni ya wageni, unavaa shati la mistari, na unaondoka bila kuaga. Mke wa muuza matofali amekuona ndani ya gari dogo jeupe, umekaa wima kama unapigwa picha, na pembeni yako mwanamke mwenye miwani myeusi. Mama ameshaamua. Amepima dirisha la chumba chako kwa ajili ya pazia jipya, na ananiuliza kama mchumba wako anapenda bluu.

Mjomba, umekuwa mgane miaka tisa. Ukimpata mwenzako nitashangilia kuliko wote, nitapika, nitacheza, nitavaa chochote nitakachoambiwa kuvaa. Lakini saa nane mchana tanuri lako bado lina nyuzi mia nne na zaidi. Ukioga saa nane, nani anakaa nalo? Najua huwezi kuliacha. Kwa hiyo unafanya nini?

Niambie ukweli. Sitaki kurudi kwenye nati, na sitaki kusikia kiwanda chako kimenyamaza kwa sababu ya shati la mistari.

Mpwa wako anayekupenda na kukushuku

1 Julai

Msumari wangu,

Bluu haina neno, lakini mchumba sina. Yule ni mwalimu. Najifunza kuendesha gari.

Cheka kwanza, kisha urudi usome.

Umeshamaliza? Haya. Nina miaka hamsini na minane, nimetengeneza breki za magari yasiyohesabika, na sijawahi kukanyaga hata moja. Watu wakinisifu naitikia kwa kichwa kama mpishi asiyekula. Lakini siyo hilo lililonipeleka kule. Lililonipeleka ni hizo sweta. Mama yako anafuma usiku na mchana kwa kukisia, kisha anaziweka kwenye kreti la vyuma, na mimi ndiye ninayepigilia misumari juu yake. Siku moja alinishika mkono akasema, "Subiri kidogo," akalifungua tena kreti, akainusa ile sweta, akairudisha. Sikuweza kula siku ile.

Pikapu ya kiwanda ipo, ila dereva wetu anasimamisha gari kama anayekanyaga nyoka. Mama yako hafiki naye hata sokoni. Nikaona anahitaji mtu wa kumwendesha taratibu, na ndugu yake wa tumbo moja ni mimi peke yangu. Sikumwambia kwa sababu nimeshafeli mtihani mara mbili. Sitaki ashone nguo ya safari halafu aitundike.

Nafeli kwa jambo moja. Naanza kushika breki mbali mno. Mwalimu anapiga kelele, "Mzee, alama iko kule, wewe unasimama huku kwa nini?" Ni mtu pekee mjini ninayemsikia vizuri. Nashindwa kumjibu kwamba mimi najua kilichomo ndani ya hizo breki, najua aliyeimimina ile diski labda alikuwa na haraka. Asiyejua maana haambiwi maana.

Sasa dhambi yenyewe. Nafasi ya mwalimu ni Alhamisi saa tisa, hana nyingine. Kuliacha tanuri la moto peke yake siwezi, mkono unakataa. Kwa hiyo saa saba na nusu nafungua mlango wazi na kuwasha feni mbili, lipoe haraka niondoke na moyo safi. Nilidhani saa tatu za kuoka zimetosha na kupoa ni kupoa tu. Nimesoma barua yako ya Machi upya. Uliandika mlango usifunguliwe, na ulipigia mstari.

Nimekuponza wewe kwa kutaka kukuletea mama yako. Nisamehe. Nimeshamwambia mwalimu kwamba siji tena.

Mjomba wako

9 Julai

Mjomba,

Shikamoo, na usithubutu kuacha!

Nimecheka, nimelia, nimecheka tena, mtoto akaniiga hatua zote tatu. Rudi kwa mwalimu wako Alhamisi hii hii na umwombe radhi.

Ukifungua mlango na kuwasha feni, ukingo mwembamba unapoa mbio na kitovu kinabaki nyuma. Unausuluhisha ule ugomvi asubuhi na kuuchochea upya mchana. Ndiyo sababu diski za nukta nne zinaumwa kama hazikuokwa kabisa. Dawa yake ni ndogo: mtu mwingine akae na tanuri. Hafanyi kazi yoyote. Anakaa tu, hafungui mlango.

Una Kobe hapo. Miaka ishirini mko pamoja na hujawahi kumpa ufunguo. Nakujua, utasema anasinzia. Aliyelala hafungui milango, Mjomba.

Nyingine: mimina diski mbili ndogo za pikapu, zioke, uniletee mimi nizikereze.

Mama sijamwambia. Ameshanunua pazia.

Mpwa wako

20 Agosti

Msumari,

Marahaba kwa zote. Ufunguo nilimpa Kobe mbele ya wenzetu, akaushika kwa mikono miwili kama yai. Alhamisi ya kwanza niliendesha huku nikiangalia kama kuna moshi upande wa kiwandani, mwalimu akanipigia honi nikiwa naye ndani ya gari moja. Niliporudi saa kumi na mbili, Kobe alikuwa amekaa palepale, macho wazi, gazeti langu limegeuzwa juu chini. Nikamwambia sasa aende. Akasema bado halijapoa vya kutosha kwa roho yake. Hakufungua mpaka Ijumaa mchana. Sikujua kwamba uzembe wa mtu unaweza kuwa kipaji.

Ndani ya kreti kuna diski thelathini, kumi kati yake ni za nukta nne, pamoja na zile mbili ndogo. Mtihani ni tarehe ishirini na saba. Usiniombee kwa sauti, mama yako atasikia.

Mjomba

31 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Kwa haraka, dereva wa lori ananisubiri. Bwana Milimita hakungoja barabara. Alizichoma zote kumi za nukta nne kwa breki za majaribio, mara mia moja kila moja, akapima mwenyewe, akapima tena na miwani nyingine. Mshale haukusogea. Akaandika "Zinafaa" kwenye daftari, kisha akaniuliza kama huyo Kobe ana ndugu wanaotafuta kazi. Oda ni yetu hadi mwaka ujao.

Diski zako mbili hizi hapa. Sijawahi kukereza kitu kwa uangalifu hivi. Mtihani vipi?

Mpwa wako

24 Septemba

Msumari wangu,

Tumerudi salama, na nyumba imekuwa kubwa ghafla bila kelele za yule mtoto. Mama yako bado anasimulia. Leo amemsimulia muuza matofali, kesho nadhani atawageukia wapita njia. Anasema mjukuu wake ana mikono mirefu kuliko alivyokisia, na ameshaanza sweta ya sita akiwa na kipimo halisi. Pazia la bluu limetundikwa, kwa kuwa limeshanunuliwa. Mwalimu amealikwa chai. Usiniulize chochote.

Kuna jambo sikulisema mezani kwako, kwa kuwa dada alikuwa amekaa pale na mjukuu mapajani, na nilijua sauti yangu isingefika mwisho.

Unaujua ule mteremko mrefu kabla ya kufika kwenu, wenye kona saba na malori yaliyochoka. Tulipofika juu yake nilitaka kurudi nyumbani. Dada alikuwa ameshika kitambaa chake mdomoni tangu tunatoka, na mimi nilikuwa nashika breki kila nilipoona kivuli. Lakini pale hapakuwa na namna. Kona ya kwanza nikakanyaga. Pedali ikatulia chini ya mguu wangu, gari likapunguza mwendo kama mtu anayekaa kitini. Kona ya pili vilevile. Kufikia ya nne nilikuwa nakanyaga palepale panapotakiwa, na nikajikuta naongea peke yangu.

Tulipofika chini nikageuka kumwuliza tumbo linasemaje. Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, anakoroma, na kitambaa kimemwanguka miguuni kikiwa kikavu. Mtu ambaye hajawahi kufumba jicho ndani ya gari tangu tukiwa watoto, Msumari, amelala kona zote saba juu ya chuma nilichomimina mimi na kukikereza wewe. Nilisimamisha pikapu kando ya barabara, nikalia. Nilijitahidi nilie kimya nisimwamshe, ingawa kwa masikio haya siwezi kukuapia kwamba nilifaulu.

Mjomba wako, dereva